Zinki ya Baba Mdogo Odilon

Kwa miaka kumi na mitano mama mdogo Irma alitengeneza nywele za wanawake jikoni kwake, kati ya jiko la makaa na karai la viazi, na kwa miaka hiyo yote hakuna mteja aliyetoka pale bila mawimbi kichwani na harufu ya vitunguu shingoni. Hawakulalamika. Walilipa nusu ya bei ya saluni ya mjini, na umbea walipewa bure. Lakini mama mdogo alikuwa na cheti cha ufundi wa nywele kutoka Oudenaarde, kimetiwa fremu, na fremu hiyo ilikaa kabatini imefungwa kwa taulo, kwa sababu jikoni mvuke ungekipika. Ukuta aliokitakia ulikuwa wa chumba cha mbele: dirisha pana linalotazama barabara, mlango wake wenyewe, jua la asubuhi. Taabu ni kwamba chumba kilikuwa na mpangaji asiyelipa na asiyehama. Mpangaji huyo alikuwa zinki.

Mumewe, baba mdogo Odilon, alikusanya sarafu za vita. Wajerumani walipotukalia mara ya pili walibeba nikeli yetu, wakabeba shaba, wakashusha hata kengele za kanisa, nasi tukaachiwa pesa za zinki zenye rangi ya anga la Novemba. Mimi sikuwepo, nilizaliwa mwaka hamsini na mbili, ila katika ukoo wetu huwezi kukua bila kusimuliwa. Watu walizichukia. Ukiiangusha sarafu ya zinki mezani hailii. Inasema tap, basi, mithili ya kifungo cha koti. Vita vilipokwisha na serikali ikazifuta moja baada ya moja, kila mwenye akili alizitupa. Miaka michache baadaye baba mdogo akaanza kuziokota.

Alikuwa karani wa posta, akastaafu mapema kwa ajili ya mgongo, na mgongo huohuo uliweza kuinama juu ya albamu saa sita bila kuuma. Alikuwa akisema kwamba dhahabu hukusanywa na mpumbavu yeyote, zinki inahitaji kichwa. Alilisema hilo hata kwenye maziko.

Mwaka hamsini na nane, kabati la kwanza la sarafu lilipoingia chumba cha mbele, mama mdogo aliuliza litakaa mpaka lini. Baba mdogo akaapa mbele ya mama yangu na mbele ya mjomba Cyriel, kaka yao: siku mkusanyo utakapotimia, chumba ni chako, na vitu nitavitoa kwa mikono yangu. Mama mdogo akapiga hesabu. Sarafu za aina tano, vita vya miaka michache. Akajipa miaka miwili, mitatu ikizidi. Maskini, hakujua amefunga mkataba na mtu wa namna gani.

Kwanza nchi yetu ina lugha mbili zisizopikika chungu kimoja, kwa hiyo sarafu ileile ilipigwa mara mbili: moja imetanguliza jina la nchi kwa Kiflemi, nyingine imetanguliza Kifaransa, pasije pakawa na ugomvi. Baba mdogo, ambaye maisha yake yote hajamjibu mtu kwa Kifaransa hata akiulizwa saa, alizitaka zote mbili. Halafu akazitaka mbili tena, zile ambazo hazijawahi kuingia mfukoni mwa mtu. Halafu zilizopigwa kombo. Kila Krismasi mama mdogo aliuliza kimebaki nini, na kila Krismasi alisomewa pengo jipya.

Mwaka sabini na tatu, majira ya kuchipua, mama mdogo akachoka. Akamweka mumewe kitako, akamfanya aandike orodha ya zinazokosekana na kutia saini chini. Zilikuwa tano. Kufikia Juni nne zilikwisha kupatikana. Ikabaki moja: senti kumi ya mwaka wa mwisho, yenye Kiflemi mbele. Baba mdogo alisema zilitoka chache sana, nyingi zikayeyushwa, na kwamba yeye ameona tatu tu maishani, mbili mbovu na moja ya bei ya ng'ombe. Alilisema kwa huzuni kubwa, huku akipaka mkate wake siagi pande zote mbili.

Sasa niingie mimi. Naitwa Wannes, ni fundi wa mapaa. Mwezi Julai mjomba Cyriel aliniita nibadilishe karatasi ya lami juu ya banda lake la njiwa, iliyokuwa imechoka na kuvuja. Mjomba ni mtu wa njiwa wa mashindano. Mkewe alifariki, akalia kama inavyopasa. Njiwa wake mmoja alichukuliwa na kipanga, akaugua wiki mbili. Alinipa masharti: upande wa nyuma wa paa nianze siku yoyote, upande wa mbele nisiuguse mpaka Jumamosi jioni, maana Jumamosi asubuhi njiwa wangeachiliwa kule Bourges, mbali kusini, washindane kurudi, na njiwa akirudi nyumbani akakuta paa limebadilika sura, anasita kutua. Kila dakika anayosita ni pesa.

Alhamisi nikaanza nyuma. Nang'oa misumari, na chini ya kila kichwa cha msumari kuna kiduara cha kijivu. Washa, nikajiambia, vile viduara vya kuzuia msumari usichane karatasi. Nikang'oa kama thelathini kabla sijaona kwamba washa moja imeandikwa. Nikaisugua kwa kidole gumba: ngao tatu na namba. Nilicheka mpaka mjomba akatoka kuniuliza nimekunywa nini asubuhi yote hii.

Akanieleza bila kuona ajabu. Sarafu zilipofutwa, kilo ya washa dukani ilikuwa ghali kuliko kilo ya pesa hizo, na tena serikali ilikwisha kuzitoboa katikati, kazi imepungua. Mtaa mzima walifanya hivyo. Nikamuuliza aliyepigilia hizi ni nani. Mjomba akawasha sigara kwanza, akavuta, akatazama moshi.

"Baba yako mdogo," akasema. "Siku tatu, kwa nyundo yangu. Alikuwa anamchumbia Irma, anataka nimwone mchapakazi."

Sikumwendea baba mdogo. Nilimwendea mama mdogo. Nilimkuta jikoni akimfunga rola bibi Godelieve, mke wa mchinjaji, nikamnong'oneza. Mama mdogo akaweka chini kitana, akavua aproni, akatoka. Bibi Godelieve alikaa na nusu ya kichwa kilichofungwa mpaka saa moja ya jioni, na kwa kuwa hakujua kulikoni, akaenda kueneza habari kwamba Odilon amekufa.

Upande wa nyuma ulitoa sarafu karibu mia. Tuliziosha lami kwa mafuta ya taa na kuzisoma kwa lenzi ambayo mama mdogo aliichukua kwa mumewe bila kumsumbua. Zilikuwamo za miaka yote isipokuwa huo mmoja. Ukabaki upande wa mbele, na mjomba hakutaka kusikia habari. Dada yake angeweza kusubiri siku mbili, amekwisha kusubiri miaka kumi na mitano.

Jumamosi mchana mama mdogo alikuwa uani kwa mjomba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyundo ya kung'olea misumari mapajani. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Mjomba alisimama na saa yake ya mashindano kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Njiwa aliyemtegemea alimwita Askofu, kwa ajili ya kifua chake cha zambarau. Na kweli, kama saa saba na nusu hivi, Askofu akatokea juu ya miti ya mipoplari, peke yake, mbele ya njiwa wa wilaya nzima. Akazunguka mara moja. Akamwona mama mdogo na nyundo. Akaenda kutua kwenye bomba la moshi la jirani.

Mjomba akatikisa kopo la dengu. Askofu akatazama upande mwingine. Mjomba akaita kwa sauti nyororo ambayo marehemu mkewe hakuwahi kuisikia.

"Cyriel, shusha kuku wako," mama mdogo akasema.

"Irma, huyo si kuku. Huyo ni faranga elfu tatu zimekaa kwenye bomba la watu kwa sababu yako."

"Mimi nimekaa jikoni miaka kumi na mitano kwa sababu ya paa lako. Nani amemzidi mwenzake?"

Mjomba akamwamuru aingie stoo ya makaa na kufunga mlango, nami nikaamriwa nilale kifudifudi kwenye nyasi. Baada ya dakika kumi na moja Askofu akaridhika kwamba dunia imerudi sawa, akaingia bandani. Alishika nafasi ya nne. Mjomba hakusema na dada yake mpaka sikukuu ya kijiji mwezi Septemba, lakini neno lake alilishika. Alituachia paa.

Sarafu yenyewe haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Ilikuwa katikati ya safu ya tatu, chini ya msumari kama misumari mingine. Upande wa juu ulikuwa umeota ukungu mweupe wa mvua za miaka kumi na minane. Upande uliolalia lami ulikuwa mzima, mwaka unasomeka, na Kiflemi kiko mbele. Mama mdogo aliitazama kwa lenzi, akanipa niitazame, akanipokonya. Hakupiga kelele. Alisema ukuta wa kushoto utakuwa wa rangi ya krimu.

Tulimkuta baba mdogo mezani pake katika chumba cha mbele. Mama mdogo akaiweka sarafu juu ya kitambaa cha kijani, akaweka na orodha yenye saini kando yake, akakunja mikono. Baba mdogo akaishika kwa kibano. Aliipima uzito. Aliizungusha ukingo. Kwa robo saa nzima nilimwona akitafuta kosa, na mtu huyu alijua kutafuta. Mwishowe akainua kichwa, uso umechangamka kidogo.

"Ina kovu la msumari," akasema.

"Nani aliyeupigilia?" mama mdogo akamuuliza.

Baba mdogo akanitazama mimi. Nikamwambia imetoka wapi. Nimefanya kazi juu ya mapaa, nimeona watu wakiteleza wakawahi kushika ukingo kwa vidole. Uso wao huwa hivyo. Akaitazama ile sarafu, akatazama dirishani kuelekea banda la mjomba, ambalo si zaidi ya hatua mia mbili.

"Nimekwenda Liège mara nne kuitafuta," akasema polepole. "Kwa treni ya alfajiri."

Lakini lazima nimpe haki yake: alikuwa mtu wa neno. Jumatatu alitoa makabati yote, akapandisha albamu chumbani juu kwa mikono yake na kwa mgongo wangu. Nikapaka ukuta krimu. Mama mdogo akanunua draya mbili za mitumba kutoka Kortrijk, zile za kuingiza kichwa, na kioo kirefu. Cheti kikatundikwa. Mwezi Septemba saluni ikafunguliwa, na bibi Godelieve akawa wa kwanza kuketi, akatengenezwa kichwa chote kwa mkupuo mmoja.

Wiki ya kwanza watu walijaa. Wiki ya pili, saa tatu kamili asubuhi, baba mdogo akateremka, akavuta kiti karibu na dirisha, akaketi.

Mtu angekwenda wapi? Kwa miaka kumi na mitano alikuwa na pa kwenda kila asubuhi, tena mlango wa pili tu. Sasa juu kulikuwa na albamu zisizodai kitu. Hakugombana na mtu. Alipanga rola kwa ukubwa na kwa mwaka wa kutengenezwa. Alizigawa pini za nywele, za chuma huku, za bati kule, akawaeleza wateja tofauti, nao wako chini ya draya hawasikii na hawawezi kukimbia. Hayo wangeyavumilia. Wasilovumilia ni kwamba hawakuweza tena kusema. Mwanamke atamsemaje mumewe, na mume wa mtu amekaa pale anaitikia? Na zaidi ya kuitikia, alikumbuka. Mtu akianza kuhusu binti wa mwoka mikate, baba mdogo alisahihisha kwa upole kwamba barua zile hazikutoka Antwerpen, zilitoka Bruges, na mwandiko haukuwa wa kijana. Miaka ishirini ya posta ilikuwa kichwani mwake imepangwa kwa tarehe. Wanawake wakatazamana kwenye kioo, kila mmoja akikumbuka barua zake mwenyewe.

Mwezi Novemba bibi Godelieve alihamia saluni ya mjini, akalipa bei kamili. Wengine wakamfuata. Siku nyingine alikuja mteja mmoja, siku nyingine wakaja wawili, viziwi. Mama mdogo alinifuata mpaka nilipokuwa nikiezeka shule ya masista, akasimama chini ya ngazi na kusema hali ikienda hivi atafunga kabla ya mwaka mpya. Nikamshauri amfukuze mumewe pale. Akasema alijaribu. Alimwambia kwamba anawaudhi wateja, naye akaomba radhi kwa dhati, akaenda kukaa ngazini, akawa anaitikia kutokea huko.

"Hana kazi, Wannes," akasema. "Nimemmaliza."

Tulifikiri pamoja, ingawa wazo la kumpa tena pengo la kuziba lilikuwa lake, na sikubali kulaumiwa. Jumatano, baba mdogo akiwa kanisani kwenye maziko ya mtu, mama mdogo alichomoa sarafu moja kwenye albamu. Si ile yenye kovu, hiyo mumewe aliitazama kila usiku. Alichagua ya senti ishirini na tano, Kifaransa mbele, iliyopigwa kombo, ambayo mimi nilikumbuka alihangaika nayo miaka mitatu. Nikaipeleka Ghent kwa mzee Theofiel, muuzaji ambaye baba mdogo alimwamini, nikamweleza yote. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Tukakubaliana aiweke mezani pake siku za Jumapili kwenye soko la kubadilishana sarafu, kwa bei itakayomchelewesha mtu.

Siku ya pili yake, Alhamisi, nilikuwa saluni nikikatwa nywele, na bibi wawili wako chini ya draya. Tukasikia nyayo juu. Zikasimama. Zikaenda huku, zikaja huku, zikasimama tena. Kisha baba mdogo akateremka na albamu imefunguka mikononi, akaiweka kwenye meza ya vitana, kidole kwenye nafasi tupu.

Mama mdogo alibaki na mkasi hewani. Nilijua anachowaza, kwa sababu na mimi ndipo nilipokifikiria kwa mara ya kwanza, mjinga mimi. Ahadi ilisema chumba ni chake mkusanyo ukitimia. Haya, sasa haujatimia, na aliyeutoboa ni yeye mwenyewe.

Baba mdogo alimtazama mkewe. Akatazama ukuta wa krimu na cheti. Akatazama viti vitatu vitupu, akavihesabu kwa macho, nikaona.

"Irma," akasema, "Jumapili nitahitaji mkate wa nyama, nifungie. Naenda Ghent."

"Nitakufungia miwili," mama mdogo akasema, na mkasi ukarudi kazini, ukanikata sikio kidogo.

Nilimsindikiza. Rasmi ilikuwa kumbebea mkoba. Kweli ni kwamba mama mdogo aliogopa ataipata mapema na kurudi kukaa dirishani kabla bibi Godelieve hajashawishika kurudi. Alikuwa mtu mwingine yule. Alitembea upesi mbele yangu, mgongo umenyooka, akisalimia kila meza, akiulizwa alikuwa wapi miezi yote hii. Kwenye meza ya tatu tayari alikuwa akibishana na Mholanzi mmoja kuhusu ukingo wa sarafu. Alikula mkate wa kwanza amesimama.

Kwa mzee Theofiel ilikuwa imewekwa mbele kabisa, juu ya karatasi nyeupe, kombo lake linaonekana kutoka barabarani. Mzee alikuwa ameisahau habari ya kuchelewesha, au alimhurumia. Baba mdogo akatoa kibano. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaiweka chini ya lenzi. Mzee Theofiel akataja bei, na baba mdogo alipoendelea kuchungulia lenzi, akaikata nusu bila kuombwa. Nikamkanyaga mzee mguu chini ya meza.

Baba mdogo akairudisha juu ya karatasi, sawasawa ilipokuwa.

"Nzuri," akasema. "Lakini hapana."

Tulipofika kwenye meza ya pembeni yenye kahawa sikuweza kujizuia. Nilimwambia ndiyo ileile inayokosekana, mwaka uleule, lugha ileile, kombo lilelile, na bei ya sadaka. Sasa ameiacha kwa nini? Baba mdogo alinitazama kama anavyotazamwa fundi aliyeweka kigae juu chini.

"Wannes, unataka mama yako mdogo afunge saluni?"

Akanywa kahawa yake mpaka chini. Kisha akaniachia mkoba, akarudi kwa mzee Theofiel, na kwa kuwa nilimfuata nilimsikia akimwomba, kwa adabu ya posta, aitoe ile sarafu pale mezani, aifungie mahali pazuri pakavu, asimwonyeshe mtu walau mpaka Pasaka.